Karatasi ilisema nimepona, bibi yangu akacheka

Wiki haipiti hapa Goma bila mtu kuanguka na pikipiki akapiga kichwa, basi naandika hii, namna ya kujua kama amepona kweli, kwa ajili ya watu wa nyumbani kwake, maana yeye mwenyewe miezi ya kwanza hatasoma kitu, na akisoma hatakumbuka. Mimi sikuweza kusoma ukurasa mmoja mpaka mwisho kwa karibu miezi 7.

Mimi ni kambisti, mbadilisha pesa. Niko Birere na meza yangu na mabunda ya francs tangu 2011. Kazi yetu ni kichwa, mtu anakuja na dola 70 namwambia hesabu yake kabla hajamaliza kuzitoa mfukoni, kalkuleta iko pale mezani ili mteja aamini tu. Sisemi hivi kujisifu, mutaona mbele kwa nini.

Ilikuwa Agosti 2022, jioni, narudi nyumbani Ndosho kwa pikipiki. Kaski ilikuwa moja na ilikuwa kwenye kichwa cha motari, mwendesha pikipiki. Karibu na Katindo chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, imebeba mbao ikakata barabara, motari akaikwepa, yeye akaangukia mkono mimi nikaangukia kichwa, na barabara zetu munazijua, pembeni ni mawe ya volkano. Hayo yote nimehadithiwa. Mimi ninachokumbuka ni chai ya asubuhi ya ile siku, halafu sauti ya mama mmoja anasoma zaburi kwenye kitanda cha jirani, na katikati zilipita siku 11 ambazo wanasema nilikuwa naongea, natukana, naita watu waliokufa zamani, hata mama mkwe nilimwambia maneno ambayo mpaka leo hawataki kunirudilia.

Kosa la kwanza lilikuwa la namba. Ile usiku dokta alimwambia yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, "Glasgow yake ni 10". Yaya ni mwalimu, akasikia 10 akafikiri 10 juu ya 20, akapigia familia simu kwamba nimepata nusu, watulie. Kumbe hiyo Glasgow, kipimo cha mtu aliyepiga kichwa, inaishia 15 na haianzii sifuri, inaanzia 3: macho yana pointi 4, maneno 5, mikono na miguu 6, na kila moja kiasi cha chini ni 1, kwa hiyo hata maiti anapata 3. Kuanzia 8 kushuka ni hali mbaya sana, 9 mpaka 12 ni ya katikati, 13 kupanda ndiyo wanaita ndogo. Waliitunga Teasdale na Jennett kule Glasgow mwaka 1974, na inapima kitu kimoja tu, namna gani uko macho saa hiyo. Haisemi utaishi vipi. Sisi tuliishika hiyo 10 kama unabii, miezi mizima watu wananiambia "wewe ulikuwa na 10, ya katikati tu, mbona bado unalalamika".

Pesa sasa, maana watu wanaficha. Kosio, yaani dhamana ya kuingia, dola 100. Skana haikuwepo pale, tukapelekwa hospitali nyingine, 180, na gari la kunibeba 50. Siku ya kutoka, baada ya wiki 3, fakture yote pamoja ilifika dola 1.340, na mtaji wangu mezani ulikuwa karibu 2.000. Tulibaki na deni la 300, wakanizuia siku 4 zaidi, na hizo siku 4 nazo wakaziandika kwenye fakture. Omba fakture kila siku mbili, usingoje mwisho, hapo utaona kitu kimeandikwa mara mbili kama sisi tulivyoona. Na picha ya skana pamoja na karatasi yake ni yako, umelipa, toka nayo. Yetu ilibaki, tuliporudi kuiomba ikawa haionekani.

Kosa la pili lilikuwa dawa. Walinipa za kuzuia kifafa. Tanti yetu akatupeleka kwenye chumba cha maombi, siku 3 za kufunga bila maji wala chakula, na dawa nazo zikafungwa, eti imani haichanganywi. Siku ya 3 nikaanguka, povu, ulimi nimeuuma, mbele ya watu wote, na wao wakaona pepo limetoka. Sikatai maombi, mimi mwenyewe niko koralini. Lakini vidonge vya kifafa haviachwi ghafla, vinapunguzwa na mwenye kuviandika. Mtu anaweza kumeza kidonge na kuomba asubuhi ile ile, mdomo ni mmoja.

Halafu nikarudi kazini, mwezi wa 4 tangu ajali, kwa sababu deni. Wakati ule dola 1 ilikuwa karibu francs 2.000, hesabu ya mtoto. Mama mmoja akaniletea francs 400.000, nilipaswa kumpa dola 200. Nikamhesabia noti za 20, nikafika noti 20, kichwani mwangu 20 imekamilika, nikampa. Dola 400. Aliondoka polepole kama mtu anayejua. Mwezi ule wote hasara ilikuwa 430 na sikuelewa imetoka wapi, nikamshitaki kijana aliyekuwa ananisaidia kwamba anaiba, nikamfukuza. Hakuiba. Nimemwomba msamaha, lakini alishapata kazi kwingine na jina nilikuwa nimeshamwaribia.

Nyumbani ilikuwa mbaya zaidi. Kelele zilikuwa zinaingia kichwani kama msumari, na Goma kelele ni bure, jenereta, kanisa la huku na kanisa la kule, motari anapiga honi kwa kila anayetembea. Mtoto wangu wa pili aliongeza sauti ya redio kidogo tu, nikarusha sahani ya bugali na sambaza ukutani. Aliingia chini ya kitanda akakataa kutoka mpaka usiku. Alikuwa na miaka 6. Mimi dakika 10 baadaye nilikuwa nauliza kwa nini mtoto hayuko mezani.

Kwenye mwezi wa 6 tangu ajali nikaenda kontroli. Dokta kijana, foleni ndefu nje, akauliza: unatembea mwenyewe? Ndiyo. Unajiogesha? Ndiyo. Umerudi kazini? Ndiyo. Akaandika kwa Kifaransa "kupona vizuri". Nilipompa bibi yangu, yaani mke wangu, ile karatasi aliisoma akacheka, kicheko kile cha mtu ambaye hana nguvu ya kulia, akaikunja akaiweka kwenye Biblia. Baadaye nilielewa ile "kupona vizuri" ni ngazi ya juu ya kipimo kingine cha hao hao watu wa Glasgow, Jennett na Bond, mwaka 1975, kina ngazi 5 na ya kwanza ni kufa. Kama ngazi ya kwanza ni kufa, mtu anayejiogesha lazima aonekane amefaulu. Kuna ya kurefusha yenye ngazi 8, inachimba zaidi kidogo, lakini nayo jibu linatoka kwa anayekutazama, haikuulizi wewe unaonaje maisha yako.

Aliyetuuliza ilikuwa dada mmoja psikologe. Goma psikologe hawakosi, vita imewaleta, wengi wanashughulika na wakimbizi na wamama walioumizwa, huyu alikuwa amesoma pia mambo ya watu waliopiga kichwa. Alikuja na fomu inaitwa QOLIBRI, imetoka 2010, imetengenezwa kwa ajili ya watu wa ubongo kuumia peke yao, na iko ya Kifaransa. Maswali 37. Yamegawanywa mafungu 6: kichwa kinavyofanya kazi, unavyojiona mwenyewe, maisha ya kila siku na kujitegemea, watu wako, halafu hisia na mwili. Kwenye manne ya kwanza wanakuuliza umerizika kiasi gani, kwenye mawili ya mwisho wanauliza kinakusumbua kiasi gani. Kila swali unachagua 1 mpaka 5, 1 ni hapana kabisa, 5 ni sana. Nilivyosikia yule dada anasoma swali la namna gani naona uwezo wangu wa kusimamia pesa zangu, nilinyamaza muda mrefu, maana hakuna mtu alikuwa ameniuliza hilo, wote walikuwa wananiuliza kama naumwa kichwa.

Lakini mara ya kwanza tulifanya vibaya kabisa.

Moja, tulifanya sebuleni, bibi yangu pembeni, mama mkwe kwenye kiti, watoto mlangoni. Katika 37 kuna swali la mambo ya chumbani. Dada wa watu alilisoma kwa Kifaransa haraka haraka, mama mkwe akainuka kwenda kuangalia jiko, nikasema 5. Ilikuwa uongo, tulikuwa na miezi 5 hakuna kitu, na vidonge vilichangia, lakini sikujua kama vinachangia kwa sababu sikusema.

Mbili, ilituchukua saa moja na nusu. Kufika swali la 20 nilikuwa nimechoka, najibu ili aende. Mtu wa kichwa kilichoumia uchovu wake si uvivu, ni kama simu ya betri mbovu, asubuhi inaonyesha imejaa na saa 5 imezima. Gawanya mara mbili, fanya asubuhi.

Tatu, na hii ndiyo kubwa, lile neno "kurizika". Yule dada alikuwa anatafsiri kwa mdomo, na kwetu kurizika ni kitu unafanya ukiwa huna namna. Umerizika na kumbukumbu yako? Nimerizika, Mungu ni mwema, wengine walioanguka kama mimi wako makaburini. Ukisema haujarizika ni kama unamnung'unikia Mungu aliyekuponya. Na mtu wa Goma ukimuuliza habari hata nyumba inaungua atakuambia tuko sawa. Basi nilijibu 5, 5, 5, na pale nilipotaka kuonekana mnyenyekevu nikasema 4. Alijaribu "unatosheka", akajaribu "unafurahia", yote nikashukuru Mungu.

Wiki iliyofuata akarudi na QOLIBRI fupi, maswali 6 tu, moja kwa kila upande: mwili, ubongo unavyofanya kazi, hisia, kazi za kila siku, watu na maisha ya binafsi, na hali ya sasa pamoja na mbele unakotazama. Akamwambia bibi yangu ajibu kwa niaba yangu, jikoni, bila mimi. Mimi nikajibu sebuleni. Hesabu yake ni rahisi, unajumlisha, unagawanya kwa idadi ya maswali, unaondoa 1, unazidisha kwa 25, inakuwa kati ya 0 na 100. Kwenye ile ndefu, mafungu mawili ya mwisho unageuza namba kwanza, 5 inakuwa 1, na ikitoka chini ya 60 wanaona maisha yako yana shida kubwa. Mimi kwenye ile fupi nilitoa 29 kwa jumla. Bibi yangu alitoa 13.

Dada akanipa kalkuleta nizipige mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimemweleza kazi yangu. Ilinishinda. Nilisahau kuondoa 1, nikarudia, nikazidisha kabla ya kugawanya, nikarudia. Mwishoni ikatoka: mimi karibu 96, bibi yangu 29. Mtu mmoja, siku moja, nyumba moja. Kwenye hisia mimi niliandika 5, yeye 1.

Nikakasirika, nikasema mwanamke huyu ananisingizia. Na nilipiga meza. Yule dada hakusema kitu, aliangalia tu mkono wangu juu ya meza, na mimi nikauangalia.

Alichotueleza pale nakirudia kwa maneno yangu. Ubongo ulioumia ndio huo huo unaoulizwa kama umeumia. Kuna wanaojua kasoro zao zote, na kuna kama mimi, tusioziona kabisa mwanzoni, si uongo, ni sehemu ya ugonjwa. Lakini asidhani mtu kwamba wa nyumbani ndiye mwenye ukweli, maana bibi yangu alikuwa amechoka, halali, anauza unga kwa sababu mimi nimekula mtaji, na uchovu wake uliingia kwenye zile 13. Tofauti kati ya namba zetu mbili ndiyo ilikuwa na faida, ilituonyesha wapi pa kuongea. Kwenye mwili tulitofautiana 2, tukaliacha. Kwenye hisia 4, tukaanzia hapo.

Na dawa ya "kurizika" aliipata yeye: aliacha kuuliza kama nimerizika, akauliza "papa, kama hii ingebaki hivi hivi mpaka Noeli ya mwaka kesho, ungekubali?" Hapo hakuna kumshukuru Mungu kwanza. Kumbukumbu ibaki hivi? Hapana. Hasira ibaki hivi? Nikamkumbuka mtoto chini ya kitanda. Karibu na kutimiza mwaka nilijibu kwa njia hiyo, peke yangu, asubuhi, nikatoa 15, yaani 37 na nusu. Ukiangalia karatasi utasema huyu kutoka 96 ameharibika sana. Mimi nakuambia ule ndio mwezi nilianza kupona, kwa sababu hiyo namba ya kwanza ilikuwa ya mtu asiyejiona. Kwa hiyo familia musiogope namba ikishuka mwanzoni, ulizeni imeshuka kwa sababu gani.

Kuanzia pale tulipanga maisha kufuata majibu. Pesa za nyumbani akashika bibi. Mezani Birere nikaungana na mwenzangu, yeye anahesabu mimi naangalia noti bandia, vidole vyangu havikusahau hiyo kazi, na saa 6 naenda kulala nusu saa nyuma ya duka la mtu, wakicheka wacheke. Pamba masikioni njiani. Nyumbani kuna kofia yangu nyekundu, nikiiweka juu ya meza watoto wanajua kichwa cha papa kimejaa, wanaenda kucheza kwa jirani. Hiyo kofia imefanya kazi kuliko vidonge vingine nilivyonunua. Nina daftari la shule, kila tarehe 1 ya mwezi maswali 6, bibi yake na mimi yangu, tunalinganisha baada ya chai. Usifanye siku umetoka kontroli, utajibu ukiwa na furaha ya dokta.

Kitu kimoja hizo fomu hazikuniuliza. Zinauliza kuona na kusikia, pua hapana. Mimi tangu siku ile sisikii harufu ya kitu, na inatokea kwa wengi waliopiga kichwa. Maharagwe yaliungua siku moja nimekaa mita 2, moshi nikauona kwanza kwa macho. Chakula chote kina ladha ya chumvi au hakina. Watu wanaona ni jambo dogo, jaribu mwaka mzima kula sombe bila harufu yake. Tuliandika swali la 7 wenyewe chini ya daftari, na wewe ongeza lako.

Mwisho wa 2024 nilikuwa nimefika 21, inakuwa 62 na nusu, bibi aliweka 20. Tulikunywa soda.

Januari 2025 munajua kilichoingia mjini, vita ya M23. Tarehe 1 Februari nilijibu kama kawaida, ikatoka 13, narudi 29. Niliogopa, nikafikiri ubongo umerudi nyuma. Bibi yangu akasema ngoja, akajibu yale maswali kwa ajili yake mwenyewe, yeye ambaye hajawahi hata kugonga kichwa mlangoni. Akapata 14. Inafanya 33. Benki zimefungwa, jirani amezikwa, watoto hawaendi shule, nani angeweka 5 kwenye kesho yake? Tangu siku hiyo pembeni ya kila namba tunaandika sentensi moja, mwezi huu ulikuwa wa namna gani, kwa sababu fomu haijui kama ni kichwa kimeumia ao ni mji.

Yule dada psikologe amehama, daftari tunaendelea nalo wenyewe. Tarehe 1 iliyopita nilipata 19, nikasema leo sishiki kalkuleta. Gawanya kwa 6, ondoa 1, mara 25. Zamani ingekuwa pumzi moja. Ilinichukua karibu dakika 4, jasho kabisa, bibi yangu ameshika simu yake amehesabu zamani na anaficha uso. Nikasema 54 na kitu. Akanirudishia daftari, akaniambia sombe imeiva, kwa sababu anajua siwezi kujua.